Meli Zilizopanda Mabegani: Vyombo Vilivyobebwa Hadi Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika halina mlango wa bahari. Mto mmoja tu hutoka ndani yake, Lukuga, nao huelekea magharibi kuungana na Kongo, mto wenye maporomoko ambayo hakuna meli iliyoweza kuyapanda. Upande wa mashariki, Malagarasi huingia ziwani, hautoki. Kwa hiyo chombo chochote cha majini ambacho hakikuchongwa kandokando ya ziwa lenyewe kililazimika kufika Ujiji, Kigoma au Kalemie kikiwa mzigo: kimebebwa na watu, kimekokotwa na maksai, kimepakiwa kwenye behewa, au kimewekwa ndani ya chombo kingine ambacho nacho kilikuwa kimebebwa. Wanaosimulia historia ya ziwa hili hupenda kuanza siku chombo kinapogusa maji. Mimi nataka kuanzia nyuma ya hapo, nchi kavu, kwa sababu huko ndiko mambo mengi yalikoamuliwa. Ninachodai ni kwamba chombo kilichokuja kwa kubebwa hakikuacha deni lake ufukweni. Kiliendelea kuitegemea ile njia iliyokileta, na njia ilipokatika, nacho kilikwama. Mtumbwi wa ziwani, ulioonekana kitu duni mbele ya chuma na moshi, uliendelea na kazi siku zote hizo, na mara nyingi ndio uliomalizia kazi ambayo meli ilishindwa kuimaliza.

Tuanze na mtumbwi huo. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walikuta watu wanaolijua ziwa kwa vizazi: wavuvi wa dagaa, wachuuzi wa chumvi ya Uvinza, wauza mawese, wavushaji wa pembe za ndovu. Mitumbwi yao mirefu ilichongwa kwenye magogo makubwa ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, kwa kuwa upande wa Ujiji miti ya unene ule ilikuwa haba. Gogo lilichongwa kule kule lilikoangushwa, likateremshwa majini, kisha likavuka ziwa kwa kafi mpaka kwa mnunuzi wake. Hapakuhitajika mpagazi, wala hongo ya njiani, wala posho ya miezi mitatu. Juu ya ufundi huo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Mrima waliongeza madau ya mbao yenye tanga, yaliyoundwa hapo hapo ziwani. Haifai kuyapamba mambo haya. Vyombo hivyo ndivyo vilivyowavusha mateka kutoka Manyema hadi Ujiji, ambako walianza safari ya miguu kwenda Tabora na pwani, na wengi wao hawakuiona pwani hiyo. Mtumbwi haukuwa na usafi wowote wa moyo kuliko meli. Nilichotaka kionekane ni jambo la ufundi na uchumi: chombo kilichozaliwa ziwani kiliweza kutengenezwa, kurekebishwa na kufidiwa ziwani.

Burton alikuwa ameliona tatizo mapema. Alikuja Zanzibar na boti ya chuma iitwayo Louisa, iliyotengenezwa ili ifunguliwe vipande vipande na kubebwa. Ikaachwa pwani, kwa kuwa wapagazi wa kuibeba hawakupatikana. Matokeo yake yanafundisha. Alipofika ziwani hakuwa na chombo, kwa hiyo alikuwa mikononi mwa wenye vyombo. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kwenda kukodi dau la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, akarudi mikono mitupu. Hatimaye walikodi mitumbwi miwili kwa Kannena, mkuu wa pale Ujiji, kwa bei iliyomchoma Burton rohoni, wakafika Uvira Aprili 1858. Huko wenyeji waliwaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki, lakini wapiga kafi walikataa kwenda mbele zaidi, na wageni wakarudi bila kuuona mdomo wa mto kwa macho yao. Ulaya wakabishana kwa miaka kumi na mitatu kama Tanganyika ni chanzo cha Nile.

Hapo ndipo penye hoja ya kwanza dhidi yangu, nayo ni nzito: kama Louisa ingefika Ujiji, ubishi ule ungekwisha mwaka ule ule. Huenda ni kweli. Lakini tutazame ubishi huo ulikwishaje hasa. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone pale Ujiji, wawili hao walipanda mtumbwi wa kuazima pamoja na wapiga kafi wa hapo, wakaenda kaskazini, wakaona Rusizi ukimwaga maji yake ziwani. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alitumia vyombo alivyovikodi Ujiji, akafuata mwambao wa kusini kisha wa magharibi, akaukuta Lukuga, tundu la pekee la ziwa. Maswali makubwa mawili ya jiografia ya Tanganyika, maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, yalijibiwa na watu waliokaa ndani ya vyombo vya mahali pale, wakiongozwa na mabaharia wa mahali pale. Kilichomkwamisha Burton kilikuwa mapatano. Kafi zilikuwepo, mitumbwi ilikuwepo. Hakujua kupatana na wenye nazo.

Tena kuna Lady Alice, boti ambayo mtetezi wa vyombo vya kubebwa angeitaja kwanza. Stanley aliiagiza kwa James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames: futi 40 kwa urefu, futi 6 kwa upana, imekatwa sehemu kadhaa. Ilipofika Zanzibar ikaonekana kwamba vipande vyake ni vizito na vipana mno kwa njia za miguu za bara, ikabidi vikatwe tena viwe vyembamba. Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874. Boti ikazungushwa Ziwa Victoria mwaka 1875, ikabebwa tena kusini, ikafika Ujiji mwishoni mwa Mei 1876, na kuanzia Juni 11 ikalizunguka Ziwa Tanganyika lote kwa siku 51. Ni kazi kubwa, na haipungui hata tukisema kwamba mtumbwi wa Ujiji ulifuatana nayo na kwamba waliomwonyesha njia walikuwa watu wa ziwa. Ninakubali pia kwamba Stanley alipata kitu ambacho Burton hakukipata: hakuna mwenye mtumbwi aliyeweza kumpangia bei au kumwambia mwisho ni hapa.

Lakini uhuru huo ulilipwa na nani? Ulilipwa na waliobeba. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, uliofungwa vizuri ukakaa kichwani au begani. Kipande cha boti hakifungwi hivyo. Hubebwa mzegazega, kimening'inizwa kwenye mti kati ya watu, kwenye vijia vilivyokanyagwa na miguu ya mtu mmoja mmoja; wa mbele akijikwaa, wa nyuma anaumia. Watu walibeba Lady Alice kutoka bahari moja karibu kuifikia nyingine, wakaibeba kuzunguka maporomoko ya Kongo, mpaka mwaka 1877 ikaachwa juu ya Isangila ioze, kwa sababu waliobaki hawakuwa tena na nguvu. Zaidi ya watu 300 waliondoka pwani na msafara ule, na wengi hawakurudi. Jina la fundi wa Teddington linajulikana. Boti yenyewe inatajwa kwa jina kama mtu. Waliokuwa na kovu la mti ule begani hawatajwi kwa kazi hiyo, na kwangu mimi hilo ni pengo katika historia yetu linalopaswa kuzibwa hata kama linaweza kuzibwa nusu tu.

Wamisionari wa London Missionary Society walilichukulia suala la kubeba kama elimu. Mwaka 1876 Roger Price alijaribu maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaona inawezekana. Mwaka uliofuata msafara wa magari ya maksai ukaangamizwa na mbung'o. Waliobaki wakafika Ujiji kwa miguu Agosti 1878, miongoni mwao Edward Coode Hore, baharia wa kweli, ambaye kwa miaka yake ya kwanza alitembea ziwani kwa chombo cha pale pale. Kisha akaleta boti ya chuma, Morning Star, vipande vyake vikiwa juu ya mikokoteni iliyovutwa na mamia ya watu kutoka Saadani kwa zaidi ya miezi mitatu, ikaelea Ujiji mwaka 1883. Meli ya mvuke ya misheni hiyo, Good News, ilikuja kwa njia nyingine ya kustaajabisha. Vipande vyake vilipanda Zambezi na Shire, vikazungushwa maporomoko ya Shire kwa mabega, vikapakiwa kwenye meli iitwayo Ilala kuvuka Ziwa Nyasa, na Ilala yenyewe ilikuwa imebebwa kwa vipande kupita maporomoko yale yale mwaka 1875. Kutoka Karonga vikabebwa nchi kavu hadi kusini mwa Tanganyika kwa barabara iliyogharimiwa na James Stevenson, tajiri wa Glasgow. James Stewart, mhandisi wa barabara hiyo, alikufa kazini mwaka 1883. Meli ilishushwa majini mwaka 1885, ikaanza kwa tanga kabla mashine yake haijakamilika.

Tazama mnyororo huo: chombo ndani ya chombo, juu ya bega, juu ya barabara iliyotengenezwa ili kubeba chombo. Kila pete ya mnyororo ilihitaji ulinzi, chakula na amani na watu wa njiani. Vita vilipozuka Karonga mwishoni mwa miaka ya 1880 kati ya wafanyabiashara wa watumwa na kampuni ya Waskoti, meli iliyokuwa ziwani Tanganyika ikaonja vita hivyo ingawa ilikuwa mbali navyo, kwa sababu kila bamba, kila bomba la boila na kila ribiti vilipaswa kupita pale. Wajerumani waliirudia njia hiyo hiyo na Hedwig von Wissmann, iliyoelea mwaka 1900. Na si Afrika peke yake iliyoujua utumwa huu wa njia. Serikali ya Peru iliagiza meli mbili kutoka Uingereza mwaka 1861 kwa ajili ya Ziwa Titicaca; zikashushwa Arica vipande vipande mwaka 1862, zikapandishwa milima ya Andes kwa nyumbu na watu, na ya kwanza, Yavari, ikaelea mwaka 1870 tu.

Reli ilionekana kuwa ndiyo dawa. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikagusa maji ya Kigoma, kilomita 1,250 na kidogo kutoka bahari. Kwa nini Kigoma na si Ujiji, mji uliokuwa na soko, misikiti na jina kubwa tangu enzi za misafara? Kwa sababu Ujiji ulifaa vyombo vilivyozaliwa ziwani. Ufuko wake ni wazi na una kina kifupi; mtumbwi na dau huvutwa mchangani, meli ya chuma hupanda mwamba. Zaidi ya hapo, tangu Lukuga ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lilishuka na kuuacha ufuko wa zamani nyuma. Anayetembelea leo mahali pa kumbukumbu ya Livingstone hushangaa maji yalivyo mbali. Ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina na kinga ya upepo. Mji ukahama kufuata matakwa ya chombo kilichobebwa. Siandiki hili kwa huzuni ya kupenda ya kale. Naliandika kwa kuwa ni ushahidi wa wazi kuliko wote kwamba meli haikuja peke yake. Ilikuja na njia yake, ikadai bandari yake, na biashara iliyokuwa mikononi mwa watu wa Ujiji ikasogea kilomita chache kaskazini kuwafuata wenye reli.

Juu ya reli hiyo ikaja Graf von Götzen. Ilijengwa na Meyer Werft huko Papenburg mwaka 1913, ikaunganishwa, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha 5,000, ikasafirishwa kwa meli kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni. Jina lilitoka kwa gavana aliyesimamia kuzimwa kwa Maji Maji, vita vilivyoua watu wengi mno kusini mwa nchi hii, na ni vyema tukumbuke kwamba meli tunayoipenda ilibatizwa hivyo. Kigoma, mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakiwa na mamia ya mafundi na vibarua wa Kiafrika na Kihindi, waliipiga ribiti upya. Ikateremshwa majini Februari 5, 1915: urefu wa mita 71, upana wa mita 10. Mzinga wake mkubwa wa milimita 105 ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai mwaka huo. Silaha ya meli iliyokufa kwenye maji ya bahari ikapanda treni kwenda kupanda meli nyingine kwenye maji ya ziwa.

Waingereza, waliokuwa wakipigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, wakajibu kwa kubeba nao. Mimi na Toutou, boti mbili za injini zenye urefu wa futi 40, ziliondoka Uingereza Juni 1915 chini ya Geoffrey Spicer-Simson: melini hadi Cape Town, treni hadi Fungurume huko Katanga, kisha nchi kavu kupanda milima ya Mitumba. Huko zilikokotwa na matrekta ya mvuke na maksai wengi juu ya njia iliyokatwa msituni na madaraja yaliyojengwa kwa magogo. Maji ya maboila yaliletwa na wanawake wa vijiji vya njiani vichwani mwao, kwa mwendo mrefu. Baadaye treni tena, mto Lualaba, treni tena, na mwishoni mwa Oktoba boti zikafika Lukuga. Desemba 26 zikaiteka Kingani, boti ya Wajerumani, na Februari 9, 1916 kikosi cha Spicer-Simson kikaizamisha Hedwig von Wissmann. Wabelgiji nao wakaleta ndege za majini kwa vipande, wakazipiga nati ziwani, wakaidondoshea Kigoma mabomu mwezi Juni.

Vitabu hulisimulia hili kama pambano la majini. Lakini mwisho wa Götzen unasema jambo lingine. Hakuna boti iliyoishinda meli ile juu ya maji. Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia. Mzinga mkubwa wa meli hiyo ulikuwa umeng'olewa na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na kifano cha mbao kikawekwa mahali pake. Kisha majeshi ya Wabelgiji yakashuka kutoka Rwanda na Urundi kuelekea reli, na Kigoma ikawa inakaribia kutenganishwa na Tabora. Ndipo amri ikatolewa. Julai 26, 1916 mafundi wale wale walioijenga waliipaka mashine yake grisi nene, wakaijaza mzigo, wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi. Siku mbili baadaye Kigoma ikatekwa. Meli ile iliuawa na hatari iliyoikabili reli. Ikiwa mtu anataka tukio moja la kuthibitisha ninachodai, ni hilo.

Mbishi atasema: mbona meli hiyo hiyo ikaishi miaka mia na zaidi? Wabelgiji waliiinua, ikazama tena Kigoma kwa dhoruba mwaka 1920; Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta grisi imeilinda mashine, na Mei 16, 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Tangu hapo imeuona utawala wa Mwingereza, uhuru, Muungano, na kila awamu ya serikali. Swali ni la haki, na jibu langu halipunguzi heshima ya meli. Imeishi kwa sababu Kigoma ilibaki na reli, karakana na mafundi waliorithishana ujuzi wa kuitunza. Miaka ya 1970 mashine ya mvuke ilipotolewa na kuwekwa ya dizeli, na miaka ya 1990 ilipokarabatiwa kwa msaada wa Denmark, kilichoonekana kwenye gati ni meli, lakini kilichofanya kazi ni ule mkondo wa mabehewa kutoka Dar es Salaam. Na kila mara ilipolala miezi au miaka, kama ilivyolala tangu mwishoni mwa muongo wa 2010 ikisubiri ukarabati, sababu haikuwa ziwa. Ilikuwa vipuri, mafuta, fedha na chelezo, vyote vya upande wa nchi kavu.

Ukweli huo Wabelgiji waliuelewa vizuri kuliko wote. Baada ya vita, mwaka 1921, walikodi kwa Waingereza maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyokuja kujulikana kama Belbase, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila vikwazo. Walijua kwamba mwenye ziwa ni yule anayeshika sehemu mbili ambapo mzigo hubadili chombo: bahari kwenda treni, treni kwenda meli. Hadi leo shehena ya Kongo na Burundi huishi au kufa kwa kasi ya vituo hivyo viwili.

Kuna kituo cha tatu, nacho ndicho kinachosahauliwa na kila anayepanga: mahali ambapo meli hukabidhi abiria wake kwa mtumbwi. Katika safari ya Liemba kutoka Kigoma kwenda Mpulungu nchini Zambia, vituo vingi havikuwa na gati kabisa. Kalya, Kirando, Wampembe: meli ilitia nanga majini, ikapiga honi, na boti za mbao zikatoka ufukweni kuja kuizunguka. Wazee, watoto, magunia ya dagaa, kuku, magodoro, wote walishuka kwa mlango wa ubavuni, mara nyingi usiku. Meli yenye mita 71 haiwezi kumfikisha abiria wake nyumbani bila chombo cha mbao kilichojengwa na fundi wa kijijini. Vivyo hivyo mwaka 1997, iliporudisha makwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Kongo. Na Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji kisichokuwa na barabara ya gari, na kipindupindu kikawaingia, Liemba ilitumwa kuwachukua hadi Kigoma. Lakini mita zile za mwisho kati ya mchanga na sitaha zilivukwa kwa boti za wavuvi. Bila boti hizo meli ingesimama pale ikitazamwa na wenye kiu na wagonjwa.

Naijua hoja ya mwisho, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Boti za mbao huzama. Hujazwa kupita kiasi, hazina maboya ya kutosha, upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu huzipindua, na familia za mwambao huu zimezika wengi kwa sababu hiyo. Kusifu mtumbwi dhidi ya meli ni anasa ya mtu asiyepanda chochote kati ya hivyo viwili. Nakubali kila neno. Simtakii mkazi wa Kalya abaki na boti ya mbao. Ninachokataa ni mazoea ya kuihesabu meli peke yake na kuiita usafiri wa ziwa, kana kwamba huanzia gatini Kigoma na kuishia kwenye nanga. Mkoloni alihesabu hivyo, akashangaa kila mara njia ilipokatika. Boti ya mbao ni hatari kwa sehemu kubwa kwa sababu imeachwa nje ya hesabu: hakuna anayeikagua kwa dhati, hakuna mkopo wa fundi wake, hakuna gati la kuegeshea, ilhali ndiyo inayobeba mzigo wa mwisho wa kila mpango mkubwa. Hata pikipiki, zinazofika Kigoma kwa malori na mabehewa, huvushwa kwa boti hizo kwenda vijiji visivyo na barabara, zikashushwa kwa mikono ya watu waliosimama majini hadi kifuani.

Kwa hiyo miradi inayotajwa sasa ipimwe kwa urefu wake wote. Ukarabati wa Liemba ni jambo jema, na reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, iliyotiwa saini Desemba 2022, itabeba mabamba na injini kwa haraka ambayo wapagazi wa Saadani wasingeiamini. Bandari ya Karema imejengwa kule Katavi, na Kabwe kule Rukwa imepata gati. Lakini kati ya bandari hizo kuna vijiji ambako meli bado hutia nanga mbali na ufuko. Gharama ya gati dogo la zege, taa yake, na mafunzo ya nahodha wa boti ya mbao ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuifufua meli. Iandikwe kwenye bajeti ile ile ya meli, na ipitishwe pamoja nayo, kabla Liemba haijapiga honi tena mbele ya Kalya.